Maji Yaliyopimwa kwa Kiwiko

Wifi hakupiga hodi. Alisukuma mlango, akapita katikati ya mafungu ya sare za shule zilizokuwa zikingoja vifungo, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kochi alipokaa mama yake. Akapiga magoti, akalipandisha gauni la mama na kuitazama bandeji iliyoanzia kwenye wayo wa kulia na kupotelea huko pajani. Hakumsalimia mtu. Mshonaji, mke wa kaka yake, alikuwa hapohapo nyuma ya cherehani, pini mdomoni, lakini alipitwa kama kiti.

"Nani alichanganya maji?" wifi akauliza.

Mama Mkunga, kama mtaa ulivyomwita, akalishusha gauni lake taratibu. "Maji ni maji tu, mwanangu. Yameshamwagika."

"Mama, nakuuliza aliyechanganya."

"Niache nipumzike, bibi wewe. Umeingia kama polisi."

Mshonaji alitoa pini mdomoni akangoja. Alikuwa anangoja maneno mawili tu: nilichanganya mwenyewe. Kwa maana ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyelijua hilo isipokuwa wao wawili. Kila asubuhi mshonaji alichemsha sufuria ya maji, akaimimina kwenye ndoo, akaibeba ndoo hiyo hadi bafuni huku mvuke ukimpiga usoni, akaiweka kando ya ndoo ya maji baridi. Kazi yake ikaishia hapo. Mama mkwe aliingia, akafunga mlango kwa komeo, akajichanganyia. Mwanamke aliyewaogesha watoto wa mtaa mzima hakutaka kuchanganyiwa maji na mtu.

Maneno hayo mawili hayakuja. Mama mkwe alifumba macho, akageukia ukutani.

"Nimeelewa," wifi akasema, akasimama, na sasa ndiyo akamtazama mshonaji. "Kama mama amekuwa mzigo hapa, ungesema. Si lazima umbabue. Jumamosi nakuja kumchukua. Kwangu kuna msichana wa kazi, atamwogesha, atamvisha, atamlisha. Mama hatanyanyua hata kijiko."

Mshonaji alitaka kujibu. Angesema nini? Kwamba mama mkwe wake, mgonjwa, amefunga bandeji, anamwonea? Ukweli ukitoka kwenye mdomo wa mkamwana juu ya mama mkwe hugeuka kuwa jeuri kabla haujafika sikioni. Akajikaza, akaurudisha mguu kwenye pedali, akashona kola ya shati. Alipoitazama baadaye aliona ameishona imegeuka nje ndani.

Jambo moja tu lilimshangaza. Wifi aliposema habari za kuvishwa na kulishwa, uso wa mzee uligeuka na kuwa wa kijivu. Huyo hakuwa mtu anayefurahia kwenda kupumzishwa.

*

Jioni mumewe alirudi kutoka kwenye duka lake la kunyolea na nywele za watu wengine mabegani, kama kawaida. Alinawa, akala, akazungukazunguka kwenye mazungumzo, akaulizia sare, akaulizia mvua. Mwisho akalitoa.

"Mke wangu, mimi sikulaumu. Lakini niambie tu. Yalikuwa ya moto sana?"

Afadhali angempiga kibao. Kelele za wifi alizizoea. Wifi na wifi, hata wakipendana, hupendana kwa tahadhari. Lakini huyu alikuwa analala naye kitanda kimoja.

"Maji yakitoka jikoni ni ya moto, mume wangu. Ndiyo maana kuna ndoo ya baridi."

"Sasa ya baridi ilikuwepo?"

"Kamuulize mama yako."

"Nimemuuliza. Ananiambia maji ni maji tu."

Halafu kinyozi, ambaye hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kutaka kila ugomvi uishe kabla ya chai, akapiga paja. "Tununue hita. Hita ikiwepo hakuna sufuria, hakuna ndoo ya moto, hakuna lawama. Dada hatakuwa na la kusema."

"Kwa fedha ipi?"

"Ya kiti."

Mshonaji akamtazama. Kinyozi alikuwa anadunduliza fedha za kiti kipya cha kunyolea. Kile cha zamani kilikuwa kimeinama upande mmoja, na wateja walitania kwamba wanatoka dukani kwake shingo zimepinda. Aliitamani sana hiyo siku ya kiti kipya, na hapo mshonaji akaona kwamba mumewe anamwomba radhi kwa njia pekee aliyoijua.

Wifi alipigiwa simu. Akasema sawa, atangoja aione hiyo hita, lakini lazima achague yeye, mama yake asije akanunuliwa mkebe. Kinyozi alipokata simu, sauti ikatoka chumbani kwa mzee.

"Na mimi nakwenda! Sanda ndiyo mtu huchaguliwa. Maji ya kuoga nachagua mwenyewe."

Mshonaji alicheka bila kutaka. Huyo ndiye mama mkwe aliyemjua, yule wa kabla ya kiharusi. Kiharusi chenyewe kilikuwa kimempitia kwa mbali tu, walisema hospitalini. Mdomo ulirudi mahali pake, mguu ukaburura kidogo kisha ukachangamka, mkono ukashika kikombe bila kutetemeka. Kila mtu alisema amepona. Kitu kimoja tu kilikuwa hakijarudi. Muuza mayai wa nyumba ya pili alipojifungua, akatuma mtu mara mbili kumwita Mama Mkunga aje amwogeshe mtoto, na mara zote mbili mzee akasingizia kichwa. Yeye, aliyekuwa akisikia mtoto amezaliwa anavaa viatu akiwa njiani.

*

Duka la vifaa lilikuwa na ukuta mzima wa hita, ndogo kwa kubwa, na baadhi zilikuwa zimeunganishwa kabisa na umeme na bomba, chini yake kuna sinki, mteja ashike maji aamini. Muuzaji alikuwa kijana mwenye miwani na tai. Aliwapima kwa macho, kuanzia kandambili za kinyozi hadi mkoba wa wifi, akaamua kuongea na mkoba.

"Karibu sana, madam. Mnatafuta ya nyumba ya vyumba vingapi?"

"Vyumba si hoja," wifi akajibu. "Ni ya mama yangu. Nataka kitu cha heshima."

"Hii ya kwenye shawa je?" kinyozi akaonyesha kidude cheupe kisichozidi ukubwa wa chungu, ambacho bei yake ilimwachia walau miguu ya kile kiti. "Nasikia inachemsha papo kwa papo."

"Tangi lenu la maji lipo juu au chini?" muuzaji akauliza.

"Lipo juu ya matofali."

"Matofali mangapi?"

Kinyozi akajikuna kisogo. Muuzaji akatabasamu tabasamu la kumhurumia. "Kaka, hiyo inataka maji yanayoshuka kwa nguvu. Yakiwa ya kudondoka, mara itawaka mara itazima. Mtu anaogea moto, baridi, moto, baridi."

"Umeona sasa?" wifi akamwambia kaka yake. "Njoo huku, kuna za jua. Zinakaa juu ya bati, mtu akipita barabarani anaona."

"Bati lenyewe litaibeba?"

"Bati utabadilisha!"

Wakaondoka wakibishana kuelekea upande wa pili, muuzaji akawa katikati yao kama refa. Mshonaji akabaki na mama mkwe kwenye safu ya masinki. Msaidizi mmoja wa duka aliyekuwa akifuta vumbi akafungua koki ya hita ya mtungi, kubwa kuliko zote, ili bibi ajionee. Maji yakashuka kwa nguvu, na sinki likafuka mvuke.

Mama Mkunga akakunja mkono wa gauni. Mshonaji alizijua hizo hatua zote. Alifundishwa na mzee huyuhuyu, siku ile mshonaji mwenyewe alipojifungua binti yake: kiganja cha mwanamke kimezoea sufuria na jembe, kiganja huongopa, maji ya mtoto hupimwa kwa kiwiko, kiwiko hakiongopi. Mzee akainama, akatia kiwiko cha kulia katikati ya maji yanayofuka, akakiacha humo.

"Yamepata," akasema, ametulia. "Haya mtoto angelala."

Mshonaji alipeleka ncha ya kidole. Hakuyagusa maji hata sekunde. Akaurudisha mkono huku amesikia uchungu mpaka kwapani.

Hapo ndipo alipoelewa yote kwa mara moja, bandeji, kichwa kisichouma, na ule uso wa kijivu. Akaunyakua mkono wa mzee, akaupeleka kwenye sinki la pili, akafungulia maji baridi. Ngozi ya kiwiko ilikuwa imeanza kuiva. Mzee aliutazama mkono wake mwenyewe kama unavyotazama mkono wa mgeni. Kisha akamtazama mkamwana wake, na macho yale, yaliyowakaripia wanawake wakati wa uchungu wa kuzaa na kuwaamuru wasukume, yalikuwa yanaomba.

"Lo! Bibi ana ngozi ya mamba!" msaidizi wa duka akapaza sauti. "Maji ya kuchinjia kuku hayo!" Wateja wawili watatu wakageuka, wakacheka.

Mshonaji angeweza kusema wakati huo. Wifi alikuwa hatua chache tu. Angemwita, angemshikisha kile kiwiko, na jina lake lingerudi safi palepale mbele ya mashahidi. Alilifikiria, tusimfanye malaika. Alilifikiria na akalitamani. Lakini watu walikuwa wanacheka, na mzee alikuwa anashusha mkono wa gauni lake kwa vidole vilivyokosea kuupata.

"Jikoni amezoea," mshonaji akamjibu yule msaidizi. "Sufuria anashika hivihivi. Cheka na bibi yako."

*

"Nimeshaipata," mshonaji aliwaambia wale wengine waliporudi. "Tuchukue mtungi ule mdogo, wenye kitufe cha kupunguza joto. Halafu tufungiwe na koki ya kuchanganya, ile inayotegeshwa na fundi mara moja tu, ikishategeshwa maji hayawezi kutoka ya kuunguza hata mtu afungueje." Alikuwa amemuuliza msaidizi, ambaye sasa alikuwa na adabu.

"Mdogo?" wifi akasema.

"Wa mtu mmoja kuoga unatosha."

"Na joto limefungwa, asiweze kuzidisha?"

"Ndiyo."

Wifi akaweka mkoba wake juu ya kaunta. Alipoongea hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Juzi umembabua. Leo unambania na maji ya moto yenyewe. Wifi yangu, huyu mama alikukosea nini?"

Duka zima likawa na masikio. Muuzaji akajifanya anapanga risiti. Kinyozi akasema, "Dada, dada," na akaishia hapo. Mshonaji alihisi joto likipanda kutoka shingoni mpaka masikioni, akatazama viatu vyake, akajiambia kwamba akisema neno moja atalia, na akilia watasema analia kwa sababu ni kweli.

"Hajanibabua."

Wote wakageuka. Mama Mkunga alikuwa ameshika ukingo wa sinki.

"Mama, pumzika, haya tunayamaliza sisi."

"Nimepumzika vya kutosha. Nimesema hajanibabua. Maji nilichanganya mwenyewe, mlango umefungwa, yeye yuko kwenye cherehani yake." Akavuta pumzi. "Nilipima kwa kiwiko, kikaniambia yamepata. Kopo la kwanza nikalimwaga mguu wa kulia, sikusikia kitu. La pili ndilo lililonirukia kushoto, nikapiga kelele. Upande huu," akajipiga bega la kulia, "unashika, unatembea, lakini moto na baridi haujui. Tangu yale maradhi. Hapa sasa hivi nimetia mkono kwenye maji ya kuchinjia kuku nikasema mtoto alale. Huyu mtoto wa watu ameona. Akanifichia."

Akakunja gauni, akawaonyesha kiwiko. Wifi alikitazama, akafunika mdomo kwa mkono.

"Kwa nini hukusema, mama?" kinyozi akauliza. "Na kiwiko cha kushoto je?"

"Mkono wa kushoto ni wa kushika kichwa cha mtoto. Wa kulia ndio unaopima. Mimi na maji tumezoeana hivyo tangu ujana, nikiona maji mkono unakwenda wenyewe. Na mwanzoni nilidhani maji ndiyo yamepoa, si mimi." Mzee akatikisa kichwa. "Halafu nikaogopa. Mkunga asiyejua moto na baridi ni nani? Ni mzee wa kuogeshwa na msichana wa kazi. Nimewaambia wanawake wangapi, wewe mama, mficha uchi hazai, fungua miguu tukusaidie! Na mimi nimekaa nimeficha kiwiko."

Mtu mmoja dukani akacheka, halafu mzee mwenyewe akacheka, machozi yakimtoka. Akamgeukia mshonaji. "Nilikuacha ubebe ndoo yangu ya moto, mwanangu. Nilikuona unaibeba na nikageukia ukutani. Nisamehe."

Mshonaji alihisi kama mtu aliyefungua kifungo cha sketi iliyombana tangu asubuhi, pumzi ikaingia yote kwa pamoja, na baada ya pumzi kilio. Alilia hapo katikati ya hita bila kuona haya, na kilikuwa kilio kitamu. Akamkumbatia mzee, akasema "Yameisha, mama, yameisha," na akashangaa kugundua kwamba kweli yameisha.

Wifi alisogea. Alikuwa amevaa vizuri kuliko wote, na siku hiyo nguo hazikumsaidia. "Wifi yangu, mdomo huu..."

"Nimesikia, wifi. Nimepokea." Mshonaji akajifuta pua kwa kitambaa cha pini. "Na koki ya kuchanganya utalipia wewe."

"Nalipa!" wifi akasema haraka, akafungua mkoba, na wakacheka wote wawili, kicheko cha kwanza baina yao tangu lini sijui.

"Na mimi, mke wangu..." kinyozi akaanza.

"Wewe tutaongea nyumbani."

*

Fundi bomba alikuja na ngazi na maneno mengi. Alitaka kuning'iniza shawa juu, kama watu wanavyofanya. Mama Mkunga alisimama mlangoni mwa bafu akamzuia.

"Koki iwe chini, usawa wa kigoda."

"Bibi, siku hizi watu wanaoga wamesimama."

"Mimi nimesimama maisha yangu yote kwenye vitanda vya wazazi. Kuoga nakaa."

Ikawekwa chini. Ilipofika wakati wa kutegesha joto, fundi aliuliza apime nani. Mzee akatia kiwiko cha kushoto, polepole, kama mtu anayeandika kwa mkono asiouzoea. Kisha akamwita mshonaji naye akatia chake. "Punguza kidogo," mshonaji akasema. "Punguza," mzee akakubali. Fundi akakaza skrubu, akaifunika na kifuniko, na hapo ikabaki.

Siku hiyo Mama Mkunga alioga mwenyewe. Komeo lilisikika likifungwa, na wifi, aliyekuwa amekuja kushuhudia, akaruka kutoka kwenye kochi akitaka kwenda kusimama mlangoni. Mshonaji akamshika gauni akamketisha. Wakasikiliza maji yakishuka kwenye ndoo, kopo likigonga, na baada ya muda sauti ya mzee akijiimbia kitu kisichokuwa na maneno. Wifi akajiegemeza, akafumba macho. Habari za Jumamosi hakuzitaja tena, wala hakuna aliyemkumbusha.

Mzee alitoka ananukia sabuni, nywele zimelowa, bandeji imefungwa mfuko wa plastiki. "Nimeoga," akatangaza, kana kwamba amerudi safari.

Hajakaa sawasawa, hodi ikapigwa. Alikuwa muuza mayai, macho mekundu kwa kukosa usingizi, mtoto wake amemfunika kifuani.

"Mama, najua kichwa kinakusumbua. Lakini huyu nikimtia majini anapiga kelele mpaka nami nalia. Naogopa nitamwangusha. Naogopa maji yenyewe. Sijui."

Mama Mkunga alimtazama mtoto muda mrefu. Kidole kimoja cha mtoto kilikuwa kimejitokeza kwenye khanga.

"Kichwa kimepona," akasema. "Leteni beseni."

Wifi akashtuka. "Mama, lakini mkono..."

"Mikono ninayo yote miwili. Wa kushoto ushike kichwa, wa kulia usugue." Akanyoosha kidevu upande wa cherehani. "Kiwiko changu kile pale."

Mshonaji akauondoa mguu kwenye pedali. Akatoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye mto wake wa pini, moja moja. Beseni lilipojaa akakunja mkono wa gauni, akainama, akatia kiwiko majini. Akangoja kidogo, kama alivyofundishwa.

"Yamepata, mama."

Na Mama Mkunga, bila kuyagusa maji wala kuuliza mara ya pili, akamlaza mtoto ndani.